Toronto wanaamua nikiwa nimelala

SWALI

Shikamoo dada,

Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu, na leo nimeamua kuandika kwa sababu kazi inanielemea na sina wa kumweleza. Nyumbani wakiniona nimekaa sebuleni na laptop wanajua mambo yangu ni mazuri.

Mimi ni msanifu wa UX, yaani nachora jinsi mtumiaji atakavyoiona na kuitumia programu. Naishi Mwanza na nafanya kazi kwa mbali na kampuni ya nje inayotengeneza programu ya simu ya wenye maduka ya rejareja. Mtu anaagiza sukari, mafuta na sabuni kwa muuzaji wa jumla bila kulazimika kufunga duka na kwenda mjini. Watumiaji wetu wako Mwanza, Geita na Shinyanga. Madevelopa, yaani wanaoijenga programu yenyewe, ni watano na wako Toronto, meneja wa bidhaa yuko Berlin, na anayeijaribu programu kabla haijatoka yuko Nairobi. Msanifu ni mimi peke yangu.

Tunafanya kazi kwa mtindo wa ajaili (agile), yaani programu inajengwa kidogo kidogo kwa vipindi vifupi viitwavyo sprinti, vyetu ni vya wiki mbili mbili. Toronto wakiingia kazini saa 3 asubuhi, huku ni saa 10 jioni, na msimu wao wa baridi inakuwa saa 11. Kwa hiyo tunakuwa pamoja saa moja au mbili tu, kisha mimi nafunga na wao ndiyo kwanza wanaianza siku. Naamka asubuhi nakuta Slack, programu yetu ya kuchati kazini, imejaa: mjadala ulianza, ukakolea, ukafungwa, na mwisho kabisa kuna kidole gumba cha meneja. Nikihoji naambiwa sprinti imeshaanza, tutarekebisha baadaye. Hiyo baadaye sijawahi kuiona.

Lililoniuma zaidi ni hili. Waliamua kwamba kila oda ithibitishwe kwa namba inayotumwa kwa SMS kwenye simu ya mwenye duka, kwa ajili ya usalama. Mimi nimeshinda kwenye maduka hayo. Anayeuza ni mdogo wake, mpwa wake au kijana wa kuajiriwa. Mwenyewe yuko shamba, yuko msibani, au yuko kwenye basi la Kahama, na laini iko mfukoni mwake. Oda zikaanza kukwama, watu wakarudia kupiga simu kwa muuzaji wa jumla, na kwenye kikao cha tathmini nikaulizwa mimi kwa nini ukurasa ule haueleweki.

Meneja akaja na suluhisho kwamba nitangulie sprinti moja mbele, michoro yote iwe imekamilika kwenye Figma, programu ninayochorea, kabla madevelopa hawajaanza. Nimejaribu. Sasa nafanya sprinti tatu kwa wakati mmoja: najibu maswali ya inayoendelea, nachora ya inayokuja, narekebisha iliyopita. Michoro ikifika inajengwa nusu, nusu nyingine naambiwa haiwezekani kiufundi. Wangeniambia hivyo siku ya kwanza ningechora kitu kingine. Na utafiti kwa watumiaji umefutwa kwenye ratiba, eti hauna nafasi kwenye ajaili.

Dada, tatizo ni mimi, ni ajaili, au ni umbali? Rafiki yangu ananishauri nihamie kampuni ya hapa nchini hata kwa mshahara mdogo. Naomba mawazo yako.

Msanifu, Mwanza


JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa mzigo huo.

Kuna sentensi moja umeipita haraka kwenye barua yako: "Mimi nimeshinda kwenye maduka hayo." Jibu langu lote linaanzia hapo. Katika watu wote wanane wa timu yenu, wewe ndiye pekee unayeweza kutoka nyumbani kwa miguu ukafika kwa mtumiaji. Ulichokijua kuhusu laini iliyo mfukoni mwa mwenye duka kilikuwa na thamani kuliko mchoro wowote uliotuma mwezi ule. Lakini kilikuwa kichwani mwako, na saa walipokihitaji ulikuwa umelala. Kwa hiyo shabaha yako iwe moja: hali halisi ya dukani ifike Toronto kabla ya mchoro, na ikae mahali ambapo wataikuta hata wewe usipokuwepo.

Ajaili yenyewe siilaumu. Ilani yake iliandikwa na watu 17 huko Snowbird, Utah, Februari 2001, na hakuna mstari ndani yake unaosema watumiaji wasitembelewe. Kinyume chake, inataka kushirikiana na mteja na kupokea mabadiliko hata kazi ikiwa imefika mbali. Anayekwambia utafiti hauna nafasi kwenye ajaili, mwombe kwa heshima akuonyeshe pameandikwa wapi. Lakini moja ya kanuni 12 zinazoambatana na ilani hiyo inasema njia bora ya kupashana habari ndani ya timu ni kuzungumza ana kwa ana. Timu iliyotawanyika Mwanza, Nairobi, Berlin na Toronto imeipoteza nguzo hiyo tangu siku ya kwanza. Inabidi iweke kitu kingine mahali pake, na kwa barua yako naona ninyi hamjaweka chochote. Mnafanya kazi kana kwamba mko chumba kimoja, na aliyelala anahesabiwa kuwa amekubali.

Hilo la kutangulia sprinti moja linanisumbua zaidi, kwa sababu meneja wako ameshika nusu ya wazo zuri. Tena wazo lenyewe lilielezwa kutoka Toronto hiyo hiyo. Lynn Miller mwaka 2005, na Desirée Sy mwaka 2007, waliandika jinsi wasanifu wa Alias, kampuni ya programu za kompyuta, walivyofanya kazi sambamba na madevelopa: hawa wakijenga ya sprinti hii, wale wanasanifu ya ijayo, wanakusanya taarifa za ile ya mbele yake, na wanawajaribisha watumiaji iliyokwisha kujengwa. Ukisoma juu juu utasema ndiyo hiyo inayokutesa. Lakini Miller alisisitiza kwamba mazungumzo ya kila siku kati ya wasanifu na madevelopa ndiyo yaliyoufanya utaratibu ule ufanye kazi, na Alias walikuwa na timu ya wasanifu, siyo mtu mmoja. Ukiyatoa mazungumzo hayo, unabaki na kukabidhiana mizigo: unatuma, wanapokea, wanakuta haijengeki, wanakata wanavyojua. Mpelekee meneja wako hoja hiyo. Mwambie upo tayari kutangulia, ila developa mmoja atangulie pamoja nawe, hata kwa nusu saa kila siku.

Nusu saa hiyo utaipata wapi? Kwenye zile saa mbili mnazokutana. Najua zinavyoliwa: kila mtu anaeleza jana alifanya nini na leo atafanya nini, muda unakwisha. Taarifa za namna hiyo ziandikwe, kila mtu atazisoma akiamka. Muda wa kuonana usoni ubaki kwa mambo yenye ubishi. Fungua Figma, mwonyeshe developa mchoro ukiwa bado mbichi, visanduku vya kijivu na maneno, bila rangi wala vivuli, umuulize: "Hiki kinajengeka? Mtandao ukikatika katikati, oda inabaki wapi?" Wasanifu wengi tunaona aibu kuonyesha kazi ambayo haijapigwa pasi. Kwa timu ya mbali aibu hiyo ina gharama kubwa, kwa sababu mchoro uliokamilika unamwambia developa kwamba mjadala umekwisha, naye atanyamaza mpaka akwame peke yake.

Sasa kuhusu maamuzi ya usiku. Omba timu ikubali kanuni moja: uamuzi wowote unaobadilisha anachokiona au anachokifanya mtumiaji uandikwe, na ukae wazi kwa siku moja ya kazi kabla haujafungwa. Isipokuwa programu imeanguka, hakuna skrini ambayo haiwezi kusubiri siku moja. Na usingoje wao waanzishe, andika wewe wa kwanza. Jambo lako la SMS ningeliandika hivi:

"Tatizo: oda inasubiri namba inayokwenda kwa mwenye duka, na mara nyingi hayupo dukani. Tulichokiona: muuzaji anampigia, hapokei, oda inaachwa. Hawezi kuacha laini dukani kwa sababu imesajiliwa kwa alama zake za vidole na ndiyo yenye pesa zake za simu. Video ya dakika mbili iko hapa chini. Njia tulizonazo ni hizi tatu. Napendekeza ya pili. Anayeamua: meneja wa bidhaa. Mwisho wa maoni: Alhamisi saa 12 jioni Mwanza, saa 5 asubuhi Toronto."

Mstari wa laini na alama za vidole usiudharau. Kwako ni jambo la kila siku, ndiyo maana hukuwahi kulisema. Mtu wa Toronto hawezi kulikisia hata akikesha, na bila kulijua atakuuliza swali lenye mantiki kabisa: kwa nini asiache simu dukani? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wao hawajakilalia, na hakuna anayewaeleza zaidi yako. Kila uamuzi ukiwekwa kwenye ukurasa mmoja, pamoja na sababu yake, hata developa atakayeajiriwa mwakani ataelewa kwa nini ukurasa ule uko vile.

Kuhusu utafiti, usiombe "awamu ya utafiti". Ukitumia maneno hayo mbele ya meneja anayehesabu sprinti, ataona wiki sita na bajeti. Omba mchana mmoja katika kila sprinti. Nenda maduka mawili au matatu, kaa, tazama, rudi uandike. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya programu, aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribisha watu watano kunatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi, na kwamba ni heri kurudia majaribio madogo madogo kuliko kufanya moja kubwa. Ila hesabu hiyo ni ya watu wanaofanana. Wenye maduka watano wa Kirumba hawakuambii habari za Geita vijijini, kwa hiyo badilisha maeneo.

Na usiende peke yako kila mara. Jared Spool, mtafiti wa mambo haya wa Marekani, kwa miaka mingi amehimiza kwamba kila mmoja kwenye timu, developa akiwemo, awatazame watumiaji kwa angalau saa mbili kila wiki sita. Hapa tofauti ya saa inakusaidia: saa 10 jioni, kabla wateja wa jioni hawajajaa dukani, Toronto ndiyo wanafungua kompyuta. Piga simu ya video ukiwa dukani, kamera iielekee skrini ya muuzaji, developa mmoja atazame bila kusema neno. Bando likikataa, rekodi na umtumie. Nakuambia kwa uhakika, developa aliyemwona kijana akibonyeza kitufe mara tano huku foleni ikimsubiri hahitaji kushawishiwa na mchoro wako.

Kabla hujarekodi, omba ridhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka, na useme wazi video itaonwa na nani na itafutwa lini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kusafirisha taarifa za mtu nje ya nchi kuna masharti yake. Mwombe meneja athibitishe kwamba kampuni imeyazingatia, jambo hilo lisibaki mabegani mwako. Sura ya mtu, namba za simu na salio la pesa visionekane kwenye video.

Ukiambiwa haya ni ya kupoteza muda, wape mfano wa jirani. Majaribio ya M-Pesa yalipoanza Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Timu ilikuwa karibu na watumiaji, ikaona wanaitumia kwa mambo ambayo haikuyapanga, kama kutumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kutumiana pesa ndiko kulikowekwa mbele. Wangebaki kusoma ripoti za marejesho wakiwa ofisi ya mbali, sijui kama jambo hilo wangeliona.

Kitu kingine kidogo: Skramu (Scrum), utaratibu mmojawapo wa ajaili, inaitaka timu ikubaliane kazi ikiwa vipi ndiyo ihesabiwe imekamilika. Dai yaongezwe mawili, kwamba imejaribiwa kwenye simu ya bei ya chini yenye mtandao dhaifu, na kwamba msanifu ameiona ikifanya kazi. Mwenzako wa Nairobi atakuunga mkono, muombe mapema. Na yale ya "tutarekebisha baadaye" yawekee tiketi papo hapo kwenye Jira, programu ya kufuatilia kazi, kwenye orodha ile ile ya kazi za timu, ukiandika mtumiaji anaumia vipi. Yasiyo na tiketi hayapo.

Saa zako za kazi pia zinahitaji mipaka. Kujilazimisha kukaa macho hadi saa 5 usiku ili usipitwe ni dawa ya mwezi mmoja tu, baada ya hapo utaanza kukosea mchana. Kikao cha jioni sana kikihitajika, kiwe cha zamu, na wao siku nyingine waamke mapema. Angalia pia kalenda: Toronto hubadilisha saa Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho, na sisi hatubadilishi kabisa. Wiki hizo za katikati vikao huhama bila mtu kutangaza, halafu wewe unaonekana mtoro.

Kuhama? Usihame kwa hasira, wala usibaki kwa kuogopa mshahara. Kampuni ya hapa nchini inaweza kukukalisha kwenye kiti kile kile cha kuchora, Toronto yako ikawa ghorofa ya juu. Jipe sprinti tatu au nne za kufanya niliyokuambia, kisha tazama jambo moja: je, kuna uamuzi wowote waliokuwa wameshaufanya wakaugeuza baada ya kuona ulichokileta kutoka dukani? Ukiwepo hata mmoja, baki, hapo pana watu wa kufanya nao kazi. Usipokuwepo, anza kutafuta, na ukienda kwenye usaili peleka zile kurasa za maamuzi uliyoyaandika, ukiwa umeficha ya siri ya kampuni. Zinaonyesha unavyofikiri kuliko picha za skrini.

Jumatatu anza na hilo la SMS, lakini usianze kwa kupinga. Waulize Toronto walikuwa wanaogopa nini hasa. Neno "usalama" ni pana mno. Kama hofu yao ni muuzaji kuagiza mali kwa mkopo wa mwenye duka bila mwenyewe kujua, hofu hiyo ina msingi, na baadhi ya wenye maduka watakuambia wanaifurahia SMS hiyo. Basi jaribu njia zenye kuheshimu pande zote mbili. Muuzaji aandikishwe kwa namba yake mwenyewe chini ya duka, akiwa na kikomo cha kiasi cha oda. Au oda iende, mwenye duka apate meseji, na awe na muda wa kuizuia kabla mzigo haujapakiwa. Waoneshe wenye duka na wauzaji wao, ila uzungumze nao kila mmoja peke yake, kwa sababu muuzaji hatakuambia ukweli wake tajiri akiwa amesimama pembeni.